ANKARA SI KARATASI YA KUWASHIA JIKO

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mijini ankara ya dukani huishi siku moja tu. Mama hurudi kutoka Kariakoo na katoni za sabuni, majani ya chai na viberiti vya kuuza katika duka lake dogo la barazani. Ankara hukaa kwenye pindo la kanga hadi jioni, kisha huwashiwa jiko la mkaa. Mwaka ukiisha, anapotakiwa aeleze ameuza kiasi gani, hana cha kuonyesha ila maneno yake.

Uzembe huo mdogo una bei yake. Viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa na Bunge mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo viliwagawa watu katika mafungu mawili: wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayakutozwa kitu. Yaliyozidi hapo hadi kufikia shilingi 7,000,000, mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne. Asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 bila mjadala.

Tumchukue mama yetu huyo. Tuseme anauza shilingi 16,000 kwa siku, siku sita kwa juma. Kwa mwaka mauzo yake ni karibu shilingi 5,000,000. Kwa viwango hivyo, akiwa na daftari lake kodi ni shilingi 30,000. Asipokuwa nalo ni shilingi 100,000. Shilingi 70,000, ambazo zingemsaidia kununua sare na madaftari ya watoto, zimeteketea pamoja na mkaa. Na anayeuza shilingi 8,000,000 angelipa shilingi 120,000 akiwa na kumbukumbu, na shilingi 250,000 asipokuwa nazo.

Viwango hivi Bunge laweza kuvibadili kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kwa hiyo ni vema kuuliza viwango vya mwaka unaohusika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu.

USHAHIDI WA MTU MWINGINE

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kodi hiyo hutozwa kwa mauzo, ankara za manunuzi zina kazi gani? Jibu ni kwamba daftari la mauzo ni maneno ya mwenye duka mwenyewe, lakini ankara ni ushahidi wa mtu mwingine. Ankara za mwaka mzima zikionyesha katoni kumi za sabuni, ni vigumu mtu kukadiria kwamba umeuza katoni hamsini.

Tena biashara hukua. Mauzo yakivuka shilingi 100,000,000 kwa mwaka, kikomo kilichowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara huingia katika utaratibu wa kutozwa kwa faida. Hapo kila matumizi yasiyo na hati huweza kukataliwa, kana kwamba fedha hiyo haikutumika kamwe.

Wapo wauzaji wa jumla wanaomwuliza mteja kama anataka bei ya risiti au bei isiyo na risiti. Hiyo ya pili huonekana nafuu. Lakini sheria humtaka mnunuzi naye adai risiti yake, na anayeikosa hana la kusema mzigo wake unaposimamishwa njiani.

DAFTARI MOJA, BOKSI MOJA

Kazi yenyewe haihitaji elimu kubwa. Daftari la shule latosha: tarehe, aliyekuuzia, bidhaa, idadi na fedha uliyolipa. Kurasa za nyuma ziwe za mauzo ya kila siku. Ankara zipangwe kwa miezi ndani ya boksi, mbali na watoto na panya.

Risiti za mashine za kielektroniki, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zataka uangalifu zaidi. Huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia, hasa zikiachwa juani au karibu na jiko. Zitolewe nakala mapema, au zipigwe picha kwa simu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka mitano; karatasi iliyogeuka nyeupe haitamfaa mtu.

Lipo na jambo la nyumbani. Kilo ya unga iliyochukuliwa dukani kwa chakula cha jioni iandikwe, na deni la jirani liandikwe. Yasipoandikwa, baba hudhani mama anaficha fedha, na mama hudhani duka linakula hasara, kumbe familia ndiyo iliyokula. Mtoto ajuaye kusoma na aitwe aandike. Atajifunza hesabu, na wazazi wataacha kushukiana.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni, kabla ya kuwasha jiko, tazama kwanza ni karatasi gani iliyo mkononi.