Jahazi Kuukuu Lageuka Meza

Jahazi likiisha kuzeeka, wengi hulipasua kuni. Lakini katika pwani ya Kenya maseremala hununua mbao zake, wakatengeneza meza, vitanda na viti. Seremala wa Kiembeni, asiye mbali na ufuo wa Bamburi, asiidharau kazi hiyo.

Kwanza ang'oe misumari yote, maana mmoja uliojificha huvunja meno ya msumeno. Kisha atoe kalafati, aoshe chumvi kwa maji matamu, na kuzianika mbao kivulini hata zikauke kabisa, ndipo apige randa. Matundu ya misumari asiyazibe, kwani hayo ndiyo pambo lake.

Mvule hukawia miaka mingi kukomaa. Ubao mmoja ukiokolewa motoni, mti msituni hupumzishwa shoka.