Linux ikianguka, usimlaumu aliyekutwa: siri ya taima na kazi inayolala

Simu imeganda. Sekunde chache baadaye inajizima na kujiwasha upya yenyewe. Wewe unalaumu betri, au app uliyokuwa umeifungua dakika ile. Kumbe wakati mwingine app haina kosa lolote: ilikuwa tu pale pale wakati kitu kingine kinaharibika.

Kitu hicho kinaweza kuwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kerneli ndiyo inayogawa memori, inayopangia programu zamu ya kutumia prosesa na inayozungumza na vifaa. Simu za Android zinatumia kerneli ya Linux, na seva nyingi za intaneti vilevile.

App ikianguka, inafungwa na maisha yanaendelea. Kerneli ikianguka, mashine nzima inakwenda nayo.

Hebu tuangalie aina moja ya ajali hizo, inayowasumbua hata mafundi wazoefu: taima inayoamsha kazi, halafu kazi hiyo ikataka kulala.

Kulala maana yake nini?

Kwenye kompyuta, kulala si kuzima. Ni kazi kusema: "Nasubiri kitu, wapeni wengine prosesa, mtaniamsha kikija." Inaweza kuwa inasubiri jibu kutoka kwa kifaa cha USB, au memori ipatikane, au kufuli iliyoshikwa na mwingine iachiwe.

Ni jambo la kawaida kabisa. Bila kulala, prosesa ingepoteza muda mwingi ikikodolea macho kifaa ambacho bado hakijajibu.

Shida ni kwamba si kila mahali pa kerneli panaruhusu kulala.

Taima haina pikipiki yake

Kerneli ina taima nyingi sana. Kila moja inasema: baada ya muda fulani, fanya kazi hii. Muda ukifika, kengele inalia ndani ya prosesa, na kilichokuwa kinaendelea pale kinasimamishwa kidogo ili kazi ya taima ipite.

Fikiria umesimamisha bodaboda iliyokwisha kupakia abiria, ukamwomba dereva adondoshe barua kwenye nyumba ya pili tu. Akikubali, ni sekunde chache, abiria hata halalamiki.

Sasa mwambie dereva huyo huyo aingie benki, apange foleni na akusubirie risiti. Abiria yuko juu ya pikipiki, hajui kinachoendelea, na safari yake imekwama kwa jambo lisilomhusu. Na kama abiria huyo ndiye mwenye ufunguo wa geti la mtaa, basi mtaa mzima umekwama naye.

Kazi ya taima iko hivyo. Haina zamu yake kwenye prosesa. Inaazima ya yeyote aliyekutwa pale. Ikilala, anayelazwa ni huyo aliyekutwa, pengine akiwa ameshika kufuli ambayo wengine wanaihitaji. Ndiyo maana kerneli inapiga marufuku kulala ndani ya kazi ya taima. Ukivunja sheria hiyo, unapata ujumbe wa hitilafu ukiwa na bahati. Ukiwa huna, mashine inaganda.

Kwa nini basi mtu atake taima inayolala?

Kwa sababu mahitaji yamebadilika. Linux ina teknolojia inayoitwa BPF: vijiprogramu vinavyoingizwa ndani ya kerneli ikiwa inaendelea na kazi, baada ya kupita kwa mkaguzi anayethibitisha kwamba havitaleta madhara. Android inavitumia, miongoni mwa mengine, kuhesabu data inayotumiwa na kila app.

Uwezo wa baadhi ya vijiprogramu hivyo kulala ulikuja na Linux 5.10, mwaka 2020. Taima za BPF zilikuja na Linux 5.15, mwaka 2021, lakini kazi zake haziruhusiwi kulala. Mwaka 2023, Linux 6.3 ikaleta HID-BPF, inayowezesha kurekebisha tabia za kibodi, mausi na vifaa vya mfano huo kwa kijiprogramu kidogo, bila kuandika draiva nzima.

Hapo ndipo pengo likaonekana. Kurekebisha kifaa mara nyingi kunahitaji kukitumia amri na kungoja kijibu. Kungoja ni kulala. Mapema mwaka 2024, Benjamin Tissoires, mmoja wa wasimamizi wa sehemu hiyo ya Linux, alipendekeza kazi za taima za BPF ziruhusiwe kulala.

Ajali inasomwaje?

Ukijaribu jambo kama hilo, mashine ya majaribio itaanguka, na itakuachia taarifa ndefu kwenye skrini. Wengi wanakosea hapa hapa.

*Kwanza, anza na hitilafu ya juu kabisa.* Ajali moja huzaa nyingine. Ile ya mwisho inayobaki kwenye skrini mara nyingi ni matokeo tu. Tafuta ya kwanza.

*Pili, usidanganywe na jina.* Taarifa hutaja jina la programu iliyokuwa kwenye prosesa. Kwa ajali ya taima, huyo ni yule abiria wa bodaboda. Mara nyingi utaona jina "swapper", ambalo ni la kazi maalumu inayoshika prosesa wakati hakuna kazi nyingine. Yaani taarifa inamtaja aliyekuwa amekaa tu!

*Tatu, fuata mlolongo wa nani alimwita nani.* Umepangwa kutoka ndani kwenda nje: wa juu ndiye aliyekutwa akianguka, wa chini ndiye aliyeanza. Ukiona humo alama kwamba kengele ya prosesa iliingilia kati, hapo ndipo dereva alipobadilishiwa safari. Kilicho chini ya alama hiyo ni cha abiria. Chunguza kilicho juu yake.

Kosa linalojificha kwa miezi

Kuna jambo linalofanya hitilafu hii iwe mbaya zaidi. Kazi inayoweza kulala hailali kila mara.

Ukiomba memori na ipo tele, unapewa papo hapo. Hakuna kulala, hakuna ajali. Kosa linakaa kimya kwenye majaribio yote, mpaka siku mashine imezidiwa na memori imebana, ndipo ombi lile lile linalala mahali pasipolalwa.

Kwa hiyo mafundi wa kerneli hawangoji bahati. Ndani ya kazi nyingi zinazoweza kulala wameweka ukaguzi unaouliza: "Hapa ulipo, ungeruhusiwa kulala?" Kipengele hicho cha majaribio kikiwashwa, kosa linalalamikiwa hata siku ambayo hakuna aliyelala.

Suluhisho: tarishi mwenye pikipiki yake

Badala ya kumlazimisha dereva wa watu apange foleni benki, barua anapewa tarishi wa ofisi. Huyu ana pikipiki yake na hana abiria. Akisubiri nusu saa, hakuna anayekwama kwa ajili yake.

Kwenye Linux tarishi huyo anaitwa foleni ya kazi, na amekuwepo miaka mingi. Kazi inawekwa kwenye foleni, kisha inachukuliwa na mtendaji wa kerneli mwenye zamu yake halali, anayeruhusiwa kulala.

Mjadala wa pendekezo la Tissoires uliishia huko. Badala ya kuzibebesha taima mzigo huo, kikatengenezwa kifaa kipya, bpf_wq, kinachovipa vijiprogramu vya BPF njia ya kutumia foleni ya kazi. Kiliingia kwenye Linux 6.10, iliyotoka Julai 2024.

Lakini ofisi ikihama?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kuruhusu kulala si kubadilisha mahali pa kufanyia kazi tu. Ni kurefusha maisha ya kazi yenyewe.

Tarishi ametoka saa nne, anarudi saa sita. Katikati ofisi imevunjwa na kiwanja kimeshajengwa duka. Yeye anaingia kwa mazoea na kuweka risiti pale meza ilipokuwa, kumbe sasa ni kaunta ya mtu mwingine. Kwenye kerneli hilo ni kutumia memori iliyokwisha kuachiliwa: unaandika juu ya data ya mwingine, na ajali inatokea mbali kabisa na kosa.

Kazi isiyolala inaisha haraka, kwa hiyo anayefuta memori husubiri kidogo tu. Kazi inayolala inahitaji subira ya aina nyingine. Lazima upande unaofuta ujue kwamba bado kuna mtu njiani, na kijiprogramu chenyewe kihesabiwe kuwa kinatumika mpaka arudi. Ukibadilisha upande mmoja na kuusahau wa pili, umeondoa ajali moja na kuleta nyingine.

Kwa kosa hili kuna chombo kinachoitwa KASAN, kilichoingia Linux 4.0 mwaka 2015. Kinaonyesha nani amegusa memori hiyo, nani aliiomba na nani aliiachilia. Kinaweza kuonyesha hata kazi ilipowekwa kwenye foleni, yaani siku tarishi alipotumwa. Gharama yake ni kubwa: aina yake ya kawaida inatenga sehemu 1 kati ya 8 ya memori kwa kumbukumbu zake, na mashine inakuwa nzito. Ndiyo maana aina hiyo inatumika kwenye majaribio, si kwenye simu yako ya kila siku.

Cha kukumbuka

Kama unaandika programu, hata nje ya kerneli, kabla ya kuiambia kazi isubiri, jiulize mambo mawili: inasubiri kwa zamu ya nani, na itakachokikuta ikiamka bado kitakuwepo?

Na kama wewe ni mtumiaji tu, ukituma taarifa ya hitilafu, itume nzima kuanzia mwanzo. Mistari ya mwisho itamwonyesha fundi nani alikutwa pale. Ya mwanzo ndiyo inayoweza kumfikisha kwa aliyesababisha.