Jina Moja, Maandishi Matatu

Shikeni kalamu, mwandike jina hili: Mwandu. Chini yake andikeni Ng'wandu, kisha Ngwandu. Sisi wa Bariadi tunajua kuwa hilo ni jina moja la Kisukuma. Kompyuta haijui. Kwake hayo ni majina matatu.

Tuseme mkulima wa pamba anauliza kama yumo katika orodha. Karani anatafuta Mwandu, lakini aliyeliingiza jina aliandika Ng'wandu. Kompyuta inajibu: hayumo. Mkulima anarudi kwao mikono mitupu, na jina lake limo.

Dawa yake ni kuipa kompyuta mfano wa jina. Programu za kutunza orodha, kama MySQL na PostgreSQL, hukubali mfano kama huu:

^(Mw|Ng'?w)andu$

Tuusome polepole. Alama ^ ni mwanzo wa jina, na $ ni mwisho wake. Mabano yanafunga sehemu inayobadilika. Kijiti | maana yake ni "au": Mw, au Ng'w. Alama ya kuuliza yasema kwamba kile kikoma cha juu kilichoitangulia chaweza kuwapo au kukosekana.

Basi mfano mmoja unaleta maandishi yote matatu, wala hauleti Mwandulami.

Nawe ukiambiwa jina lako halimo, usiondoke upesi. Mwulize karani kwa upole: "Ndugu, umetafuta na kwa Ng'w?"