Kache ya mlisho

Kache ya mlisho ni nakala ya muda ya mlisho wa tovuti nyingine ambayo seva huiweka kwenye diski yake, ili isilazimike kuuomba upya kila msomaji anapofungua ukurasa. Mlisho ni faili, kwa kawaida la RSS au Atom, linaloorodhesha mambo mapya ya tovuti: habari, bei, au alamisho, yaani viungo ambavyo mtu amejiwekea.

Bila kache, ukurasa wenye mlisho wa nje husubiri mpaka chanzo kijibu. Kikiwa kimezimika, msomaji hungoja bure kwa ajili ya orodha ndogo iliyo pembeni mwa ukurasa.

== Jinsi inavyofanya kazi ==

Kazi hii hufanywa na skripti fupi. Kwanza hutazama nakala ilihifadhiwa lini. Kama umri wake haujapita muda uliowekwa, tuseme saa moja, nakala hiyo ndiyo inayosomwa. Umri ukipita, skripti huuliza chanzo kama kuna mabadiliko tangu mara ya mwisho. Jibu la namba 304 katika itifaki ya HTTP maana yake hakuna jipya, na mlisho hautumwi tena.

Kukiwa na jipya, mlisho huandikwa kwenye faili la muda, kisha faili hilo hupewa jina la lile la zamani na kuchukua nafasi yake. Hivyo hakuna msomaji anayekutana na faili lililoandikwa nusu. Chanzo kisipojibu kabisa, nakala ya zamani haifutwi. Hatua hii husahaulika kwa urahisi, ingawa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

== Umri wa nakala ==

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Katika hali kama hiyo seva iliyo nchini yenye kache huendelea kuonyesha milisho ya nje, japo ya zamani.

Lakini si kila kitu kinafaa kuzeeka. Orodha ya alamisho ya jana haimdhuru mtu. Bei ya korosho ni jambo jingine. Wilayani Masasi na Newala, mkoa wa Mtwara, korosho huuzwa kwa minada kupitia vyama vikuu vya ushirika: MAMCU upande wa Masasi, TANECU upande wa Newala na Tandahimba. Bei hubadilika kutoka mnada mmoja hadi mwingine, na wakulima huweza kuikubali au kuikataa. Kache ya wiki nzima ingewaonyesha bei ya mnada uliopita kana kwamba ni ya leo. Kwa mlisho wa namna hii muda huwekwa mfupi, dakika chache tu siku ya mnada, na tarehe ya mnada huonyeshwa kando ya bei.