Dawa ya minyoo ya shuleni yatosha?

1/ Barazani hapa Msambweni hukosi kusikia: "Watoto washapewa dawa shuleni, mwataka nini tena?" Mimi nasoma sayansi ya siasa, si daktari, lakini swali hili ni la siasa pia.

2/ Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya miguu. Mayai yake hutoka na choo cha mtu na kuanguliwa mchangani. Mtoto akimeza dawa shuleni, na nyumbani baba na nyanya hawajameza, akicheza pekupeku uani ataipata tena.

3/ Hili lishapimwa papa hapa Kwale. Ni utafiti wa TUMIKIA, 2015 hadi 2017, na matokeo yalichapishwa na jarida la Lancet 2019. Palipopewa watoto wa shule pekee, mara moja kwa mwaka, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipopewa kila mtu nyumba kwa nyumba, mara mbili kwa mwaka: kutoka 20.6 hadi 6.2.

4/ Siasa iko wapi? Dawa ya shuleni ni mpango wa serikali ya kitaifa. Zahanati na vituo vya afya, kwa Katiba ya 2010, ni vya kaunti. Ya nyumba kwa nyumba yataka wahudumu wa afya ya jamii, na wao wataka posho.

5/ Kwa hivyo mgombea akisema "nitaleta dawa," muulize: ya nani, mara ngapi, na fungu lake liko wapi kwenye bajeti?