Kuosha Gari na Kulikinga na Kutu

Katika miji ya mwambao kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, si ajabu kuliona gari ambalo injini yake ingali nzima lakini milango yake imetoboka. Mwenyewe huilaumu bahari, naye hakukosea; ila mara nyingi bahari imesaidiwa na ndoo, kitambaa na mkono wa mwoshaji. Magari mengi huingia Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na hutarajiwa kuhudumu kwa miaka mingi zaidi. Bodi ikioza, hasara si ya sura tu: chesisi iliyoliwa na kutu haitegemewi tena kuwakinga abiria siku ya ajali.

Kutu hutokeaje?

Bodi ya gari aghalabu hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Feleji ikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja, atomi za chuma hupoteza elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Elektroni hizo husafiri ndani ya bati hadi mahali pengine, ambako hupokewa na oksijeni na maji. Matokeo yake ni oksaidi ya chuma yenye maji ndani yake, nayo ndiyo kutu. Chumvi peke yake haizai kutu. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na hivyo kuuharakisha mmenyuko huo.

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila lita. Upepo huyabeba matone yake madogo na kuyatua juu ya magari. Yakikauka, chumvi hubaki. Na unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, chumvi hiyo hunyonya mvuke na kulowana. Ndiyo maana gari lililoegeshwa karibu na ufuko huweza kukutwa alfajiri limefunikwa na utando wa maji ya chumvi, ingawa mvua haikunyesha. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa sababu hiyo rangi huvimba kama lengelenge kabla tundu halijaonekana.

Vumbi na kitambaa

Kinga ya bati ni rangi. Katika magari ya siku hizi, tabaka zote za rangi kwa pamoja huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Mchanga, kwa upande wake, una kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 na kuishia 10 kwenye almasi. Kioo cha dirisha hakifiki 6. Basi anayefuta vumbi kwa kitambaa kikavu hulisugua gari lake kwa msasa, na mikwaruzo midogo ikizidi, mng'ao hufifia na kinga hupungua.

Kwa hiyo kazi ianze kwa maji mengi yasiyo na sabuni, kutoka paani kwenda chini, ili mchanga uondoke kabla kitambaa hakijagusa rangi. Inafaa kutumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Gari lioshwe kivulini, kwani juani maji hukauka upesi na kuacha madoa ya chumvi zilizomo ndani yake. Chini ya madigadi na chesisi pasisahauliwe, maana huko ndiko matope na chumvi hukaa muda mrefu. Vitundu vidogo vilivyo chini ya milango vizibuliwe, ili maji yaliyoingia yapate kutoka.

Sabuni ya unga ya kufulia haifai sana. Imetengenezwa kuondoa mafuta katika nguo, na alkali yake huondoa pia nta inayolinda rangi. Sabuni isiyo kali, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, ni bora zaidi. Wapo wanaopaka dizeli ili gari ling'are. Mng'ao huo ni wa muda, vumbi huunata, na raba za milango huvimba na kuharibika.

Gari likikauka, nta hulipa ngozi ya pili isiyopenda maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na bati jeusi lililo juani laweza kufikia joto hilo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hutumia pia nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao Brazili, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80.

Gari lisioshwe mtoni. Mafuta na sabuni huwafikia samaki na watu wanaoteka maji chini ya mto.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue misumari minne iliyosuguliwa vizuri kwa msasa. Wa kwanza utiwe katika chupa kavu iliyofungwa. Wa pili katika maji yaliyochemshwa, yakafunikwa kwa mafuta ya kupikia yangali moto. Wa tatu uzamishwe nusu katika maji ya kawaida. Wa nne uzamishwe nusu katika maji ya chumvi. Baada ya wiki moja wailinganishe. Kisha wachukue msumari wa tano, waupake nta, na kuukwaruza mstari mmoja kwa pini kabla ya kuuzamisha nusu katika maji ya chumvi. Mahali kutu itakapoanzia patawaeleza kwa nini mkwaruzo mdogo haupaswi kudharauliwa.