Wamefikiwa, au wamesaidika?

1/ Bajeti ikikaribia, mmoja anasema: "Tumefikia watoto maelfu." Mwingine anajibu: "Hizo pesa zinaliwa tu." Wanaweza kubishana usiku mzima na bado hujui kama kuna mtoto aliyesaidika. Hebu tuone vile hilo hupimwa.

2/ Mfano wa hapa kwetu: pesa ambazo serikali hutumia walezi wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu, siku hizi chini ya Inua Jamii. Majaribio yalianza 2004. Ulipofika wakati wa kupanua, pesa hazikutosha kila mahali. Basi katika wilaya 7, zikiwemo Kwale, Garissa na Kisumu, lokesheni zingine zilichaguliwa kwa bahati nasibu zianze, zingine zikangoja.

3/ Watafiti walienda nyumba kwa nyumba 2007, wakarudi 2009. Mnakula nini? Nani yuko shule? Nani ana cheti cha kuzaliwa? Majibu wakayalinganisha na ya familia zilizokuwa zinangoja.

4/ Mbona walinganishe? Katikati ya hiyo miaka kulikuwa na vurugu za baada ya uchaguzi, na bei ya unga ikapanda. Ukiangalia wanaolipwa peke yao, utasema mpango umefeli, kumbe waliokosa wameumia zaidi.

5/ Matokeo: familia zilizolipwa zilitumia zaidi kwa chakula. Lakini idadi ya watoto shule ya msingi haikusonga sana. Hapo ndipo mtu huchomoa sentensi moja na kukimbia nayo kwa TV. Haongezi kwamba msingi ilikuwa bila karo tangu 2003, kwa hivyo wengi walikuwa darasani tayari. Tofauti ilionekana sekondari, kwenye karo.

6/ Kasoro pia zilionekana. Malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa kila familia, iwe na mtoto mmoja au sita. Familia ndogo ilifaidika zaidi. Na bei zilivyopanda, hizo 1,500 zikawa zinanunua kidogo.

7/ Kwa hivyo akisimama mtu kusifu mpango, au kutaka ufutwe, muulize: Mlipima kabla ya kuanza? Mlilinganisha na nani? Aliyepima ni nani, ni nyinyi wenyewe? Akirudia tu idadi ya "waliofikiwa", bado hajajibu. Na ukifutwa kwa kelele tu, wa kwanza kutoka darasani ni yule wa sekondari.